Kifungo Kutoka Juu ya Hewa

Hyderabad, 18 Februari 1989

Mdogo wangu Qamar,

Barua ya mumeo Lalsab imenikuta nakunywa chai langoni mwa kituo chetu cha maputo. Nimeisoma nimesimama, chai ikapoa. Mimba mwezi wa tano! Na mmeninyamazia mpaka leo. Sikulaumu, maana mtu aliyezika kama ulivyozika wewe hapigi vigelegele mapema. Nimeswali rakaa mbili pale pale nyuma ya mitungi ya gesi, na Yadagiri, dereva wetu, akanilindia viatu visibebwe na mbwa. Akaniuliza, "Ghaus Bhai, leo Mungu wako kakupa nini hata unalia?" Nikamwambia, "Ujomba, inshallah." Akasema, "Basi muombe mtoto asirithi pua yako."

Huku kwetu hakulaliki. Daktari Kamakshi amekuja kutoka Bombay na sanduku lake la mashine, kwa sababu nyota yake imeamka. Ngoja nikueleze kama alivyonieleza, nawe unajua shule yangu iliishia wapi. Anasema huko juu kuna nyota mbili zinazungukana kama mke na mume. Mmoja amekufa. Mzoga wake umejikunja hata ungeweza kukaa ndani ya mji huu wetu, lakini uzito wake umelipita jua. Mzoga huo unamnyonya mwenziwe aliye hai. Unamvuta gesi yake, inarundikana, kimya, miaka na miaka, hata husemi kuna kitu pale. Halafu rundo linaporomoka juu ya mzoga, nao unalipuka kwa miali ya eksirei, ile ile ya hospitali. Unawaka majuma machache, unazima.

Nikamuuliza, "Na yule aliye hai, Daktari, mbona hakimbii?" Akacheka. "Akimbilie wapi, Ghaus Sahib? Wamefungana." Neno hilo limenikaa kifuani.

Miali hiyo haifiki chini, hewa inaizuia, na hiyo ni rehema. Ndiyo maana tunapeleka sanduku kwa puto mpaka juu ya hewa, pale ambapo mbingu ni nyeusi mchana. Hakuna ndege afikaye pale, wala vumbi, wala dhambi ya mwanadamu. Tunangoja upepo tu. Nyota ikizima kabla hatujapanda, Daktari amekosa, na huenda asiione tena maisha yake.

Kula vizuri. Usibebe maji.

Kaka yako,
Ghausuddin


Chandapur, 26 Februari 1989

Kaka Ghaus,

Nimeisoma barua yako kwa sauti, Lalsab akisikiliza huku anafunga ng'ombe. Ile habari ya mzoga unaomnyonya mwenziwe, mama mkwe aliidaka akiwa jikoni. Akasema, "Mbona si lazima kupanda puto? Wapo wanawake humu humu wanamnyonya mwanangu miaka kumi na tano na hawatoi kitu." Nikacheka, Kaka. Ukiishi naye, ama ucheke ama uhame.

Lakini kwako sitaficha. Naogopa. Unajua wote waliniponyoka mwezi wa sita, na mwezi wa sita ndio huo unabisha hodi. Nikilala nahesabu anavyocheza. Akitulia kidogo natokwa na jasho. Bibi wa zahanati kaniambia nisiwaze. Ningemuuliza anifundishe namna ya kutowaza.

Usiku wa Miraji wanaume watakesha msikitini, na sisi wanawake kwa jirani yetu Haleema. Nimenuia kumuomba Mola usiku huo ambao Mtume wetu alipandishwa mbinguni. Nitamuomba ishara, kitu nikishike.

Nina swali, usinicheke. Hilo sanduku lenu, ni kweli linafika huko ulikosema, ambako dhambi haijafika? Na linarudi?

Dada yako,
Qamar


Hyderabad, 8 Machi 1989

Qamar wangu,

Linafika, na linarudi. Safari hii limerudi kwenu!

Usiku ule ule wa Miraji mlipokuwa mkikesha, sisi tulikuwa tunajaza puto. Alfajiri likaondoka. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka likawa doa. Huko juu sanduku likaitazama ile nyota, na mara mbili nyota ikalipuka mbele ya macho yetu. Kalamu ya mashine iliruka mpaka ukingo wa karatasi. Daktari Kamakshi akanishika mkono, mwanamke wa tabaka la juu la Kibrahmani, akasahau kabisa kwamba hatugusi. "Umeona, Ghaus Sahib? Umeona anavyokula?"

Tulipokata kamba, mwavuli ukafunguka vizuri, lakini upepo wa chini ukaliburuta sanduku katika mashamba ya dengu, upande wenu wa mto. Tulifika jua linazama. Watu walikuwa wamekwisha kuligawana puto lote kwa mapanga, plastiki ya kuezekea mvua ikija. Sisi hatugombi, ndiyo desturi. Sanduku lenyewe hawakuligusa, maana juu yake tumeandika kwa lugha zote za huku: KITU HIKI HAKINA MADHARA, TAFADHALI MSIKIGUSE, ARIFUNI POLISI.

Nilikuwa karibu na mlango wako na sikupita. Nisamehe. Daktari alitaka tepu zifike mjini usiku ule ule, roho yake ilikuwa mkononi.

Jambo dogo. Katika kuburutwa, kuna kijibati kimechomoka, mfano wa kifungo cha koti, king'aavyo. Ni cha kupimia macho ya mashine kama yanaona sawa. Ukisikia mtu kakiokota, niandikie. Mkuu wetu hataki lisemwe sana, nawe usilitangaze. Waulize tu kwa upole.

Kaka yako,
Ghausuddin


Chandapur, 16 Machi 1989

Kaka yangu mpenzi,

Tumekuona! Yaani hatukukuona wewe, tumeliona puto. Lilipita juu ya msikiti jeupe kama lulu, na wazee walikuwa hawajatoka bado katika swala ya adhuhuri. Kuna aliyelia. Haleema anasema mumewe alitubu kamari papo hapo, tuone itadumu mpaka lini.

Habari ya kifungo sijasikia mtu akiisema.

Yangu ni mema mno hata naogopa kuyaandika. Mwezi wa sita umeingia na mtoto anacheza kama mbuzi. Nimepewa kitu, Kaka. Usiniulize. Wewe unajua kwetu baraka ya namna hii haitajwi mpaka mtoto atimize siku arubaini, ikitajwa inaondoka. Nitakwambia siku hiyo, na utafurahi kuliko wote, kwa sababu nawe una mkono wako ndani yake. Kila alfajiri nasoma Suratu Maryam na kunywa maji yangu, na siku nzima sina hofu. Hata mama mkwe amebadilika. Jana kaniletea maziwa kwa mkono wake. Nilidhani anamletea paka.

Niombee,
Qamar


Hyderabad, 25 Machi 1989

Dada yangu,

Barua yako nimeiweka ndani ya msahafu. Nilifahamu mara moja: umepata kombe la kunywa na hirizi kwa yule sheikh niliyekutajia mwaka juzi, wa dargah ya Gulbarga kwenye kaburi la walii. Usiseme kitu, sitaki kuivunja baraka yako. Kunywa maji yako, dada, na usikose hata siku moja.

Hapa mambo yamebadilika. Nyota inafifia, Daktari anasema imeshiba. Lakini yeye mwenyewe hali chakula. Juzi alinifuata mpaka nyumbani, akakaa kwenye kitanda cha kamba, wifi yako Shameem akamkaangia mayai hakuyagusa. Akaniambia, "Ghaus Sahib, kile kifungo lazima tukipate."

Nami nakuambia wewe alivyoniambia mimi, kwa sababu siwezi kulala nalo peke yangu. Ndani ya kifungo kile mna punje ya kitu kinachotoa miali kama ya ile nyota, bila kukoma, kizazi na kizazi. Kikiwa kizima hakina neno kubwa. Kina ngozi nyembamba inayokifunika. Ngozi ikichubuka, ile punje ikaingia kinywani mwa mtu, inakwenda kukaa kwenye mifupa na haitoki. Nikamuuliza, "Inafanya nini huko?" Akasema, "Inangoja."

Mkuu alitukataza kusema ili watu wasitaharuki. Sasa tumezunguka vijiji na polisi na kale kamashine kanakolia ta-ta-ta kakikutana na miali hiyo. Watu wakiona kofia za polisi wanafunga milango. Chandapur hatujafika. Muulize Lalsab, yeye ndiye mwenye shamba upande ule. Kama kuna mtoto anakichezea, kama kuna mtu amekificha akidhani ni fedha, mwambie hakuna atakayemkamata. Naapa. Wewe usikiguse kabisa, na hali uliyo nayo.

Ghausuddin


Chandapur, 1 Aprili 1989

Kaka,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hata Lalsab akaninyang'anya.

Ninacho mimi.

Usikasirike na Lalsab. Alikuwa akivuna dengu, amekesha usiku wote wa Miraji, swaumu mdomoni. Sanduku lilipokuwa linaburutwa, kitu kikaruka, kikang'aa, kikatua mbele ya miguu yake. Hakukichomoa wala hakukiiba. Kilimjia. Na mimi usiku ule nilikuwa nimeomba kitu nikishike! Wewe ndiye uliyeniandikia kwamba kinatoka mahali ambapo dhambi haijafika. Kaka, ungekuwa wewe, ungekiitaje?

Sonara Ishwar alikitengenezea kikasha cha fedha chenye matundu. Hakikuingia vizuri, akakipiga tupa kidogo ukingoni kikakaa. Kiko shingoni mwangu. Kila alfajiri nakitia katika kikombe cha maji, nasoma, nanywa.

Sasa unasema ngozi yake isichubuke.

Nisikilize. Mwezi wa sita umepita. Haujawahi kupita. Mtoto yuko hai, ananipiga mbavu hivi ninavyoandika. Nyinyi wenyewe mmeandika kwa lugha zote kwamba hakina madhara. Mlisema kweli pale au mnasema kweli hapa? Na wewe barua ile ile inayoniambia ni sumu, huko juu yake imeniambia ninywe maji nisikose.

Sitakivua. Nikikivua akafa, utamfufua wewe?

Qamar


SIMU YA MAANDISHI
4 Aprili 1989
QAMAR USINYWE MAJI. USIKIGUSE KWA MIKONO. HAKUNA POLISI. NAKUJA NA GARI. GHAUS


Chandapur, 17 Aprili 1989

Kaka Ghaus,

Ramadhani yako iwe njema. Nimefunga siku tatu za mwanzo, bibi wa zahanati akanikataza.

Tangu uondoke na kile kifungo nyumba imekuwa kama ya msiba usio na maiti. Mama mkwe hasemi nami. Anasema na kuku. "Haya kuku, mmeona kaka gani anakuja mbio kumvua dada yake mtoto?" Lalsab amekichimbia kile kikombe mbali shambani kama ulivyoagiza, na mtungi, na kitambaa changu cha kichwa. Ishwar anajichunguza vidole kutwa. Akiona wateja anavificha.

Sikukushukuru ulipoondoka, nilikuwa nalia. Lalsab alipoikata ile kamba shingoni nilihisi amekata kitu kingine. Usiku mzima niliweka mkono tumboni nikingoja anyamaze. Hakunyamaza. Basi ninakushukuru sasa.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, na unijibu kama Muislamu. Ulikiweka kile kimashine juu ya kikasha, kikalia. Ukakisogeza kwenye kikombe, kikalia. Ukakisogeza kwenye mtungi, kikalia kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, pale pale. Ulinigeukia. Ulinyanyua mkono, ukakileta. Nikakuona unanitazama usoni. Kisha ukakizima, ukasema, "Betri imekwisha."

Betri ilikuwa haijakwisha. Ulipotoka nje nilikisikia kinalia tena kwenye gari.

Kwa nini hukunipima?

Qamar


Hyderabad, 29 Aprili 1989

Dada yangu,

Niliogopa. Nilijiambia, nikikiweka pale na kikalia, yeye atakisikia, na kuanzia saa ile kila mara mtoto akigeuka tumboni atasikia ile sauti badala ya mtoto. Nilijiambia hivyo, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye nisingeweza kuisikia.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Nimemwambia Daktari Kamakshi kila kitu. Alikaa chini sakafuni, pale kwenye makaratasi ya nyota yake. Anataka uje mjini, kuna hospitali, watakupima mkojo na damu. Anasema huenda ni kidogo mno, huenda si kitu. Nikamuuliza, "Na mkikuta kiko kwenye mifupa yake, mtakitoa?" Akasema dawa ingefaa siku zile za mwanzo. Nikamuuliza, "Na mtoto?" Akasema hakuna aliyewahi kumpima mtoto aliyenyweshwa hivyo tumboni, kwa hiyo watapenda sana kumwona akizaliwa, na kila mwaka.

Watapenda sana. Qamar, yule mwanamke ana huruma, alilia machozi ya kweli. Lakini aliposema neno lile, macho yake yalikuwa yale yale ya siku kalamu iliporuka mpaka ukingo wa karatasi. Na nadhani mwenyewe alijiona, maana aliinamisha kichwa.

Siwezi kukuamulia. Ukitaka kuja, Yadagiri atakufuata na gari mpaka mlangoni, ameshatandika godoro nyuma. Usipotaka, sitakuja kukuvuta.

Nyota imezima kabisa. Hawaioni tena.

Ghausuddin


Chandapur, 9 Julai 1989

Kaka,

Ni msichana. Alizaliwa alfajiri, mvua inanyesha juu ya plastiki yenu tuliyoezekea zizi, kelele zake zikaishinda mvua. Lalsab alimwadhinia sikioni akachanganya, akarudia mstari. Ana vidole vyote. Ana nywele. Ana pua yako, mwambie Yadagiri dua yake imekataliwa.

Mama mkwe anamshika kutwa, hampi mtu. Anamwita "msafiri wangu aliyefika".

Najua utataka kuja. Nataka uje kuliko mtu yeyote. Lakini sikuja mjini, na hutampeleka mjini. Nimekaa na jambo hili miezi yote ile nikiwa peke yangu nalo. Kama kiko ndani yake, hawana cha kukitoa, umeniambia mwenyewe. Watakachompa ni kumpima. Mwaka huu, mwaka ujao, mpaka aolewe, na nani atamuoa msichana anayepimwa? Sikumzaa awe nyota ya mtu.

Wewe ulinihurumia mimi ukakizima kile kimashine. Mhurumie na yeye.

Njoo mikono mitupu, Kaka. Ukija nacho, hata ndani ya gari, usishuke.

Mama yake Tahniyat,
Qamar


Hyderabad, 16 Julai 1989

Dada yangu Qamar,

Tahniyat. Nimelisema jina kwa sauti njia nzima kutoka posta.

Daktari Kamakshi alinipigia simu kituoni Jumatano, kuniuliza kama umejifungua. Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nikamwambia mmehamia kwa ndugu za Lalsab upande wa Solapur, na sijui anwani. Akasema, "Sawa, Ghaus Sahib." Hakuniamini. Alikata simu taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Mimi, mtu wa swala tano, nimesema uongo na sijauombea toba bado. Sijui niombe toba kwa uongo ule, au kwa kukizima kile kimashine, au kwa barua niliyokuambia unywe maji yako. Namuachia Mola apange mwenyewe.

Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Shameem amemshonea mtoto nguo za kijani. Yadagiri atanileta, na nimelikagua gari mwenyewe, chini ya viti na nyuma, hakuna kitu. Nitambeba. Nitamtia asali mdomoni. Sitamsikiliza kwa sikio lingine ila hili la mjomba.

Lakini nipe neno moja, nami sitakuomba tena jambo hili. Akikua, akianza kutembea, akianza kwenda shule, siku yoyote akikuambia mifupa inamuuma, hata kama ni mchezo, hata kama ni uvivu wa kwenda kuchota maji, usimngoje Lalsab arudi shambani. Usimuulize mama mkwe. Niandikie siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Ghausuddin